Usipoziba Ufa: Sababu za Maji Kuvuja Nyumbani

Mtu anayesimama ufukweni mwa Ziwa Mweru, hapo Nchelenge au Kashikishi jirani yake, huona maji mpaka upeo wa macho. Ziwa hilo lina urefu wa kilomita 130 hivi. Mto Luapula huliingia upande wa kusini, na Mto Luvua hulitoka upande wa kaskazini, penye mji wa Pweto, ukaenda zake kuungana na mito ya Kongo. Kiswahili cha ng'ambo huvuka pamoja na wachuuzi wa samaki hadi masoko ya upande wa Zambia, ambako lugha kuu ni Kibemba. Penye maji mengi namna hiyo, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba tone linalodondoka kwenye koki ya uani ni hasara. Ndoo huwekwa chini ya koki, na jambo likasahauliwa.

Hata hivyo, maji ya ziwani na maji ya bomba si kitu kimoja. Ya ziwani hayalipiwi, lakini humo mitumbwi huoshwa, nguo hufuliwa na watoto huoga. Ya bomba yamekwisha kugharimiwa: yamevutwa kwa pampu, yametiwa dawa ya kuua vijidudu, yamesukumwa hadi nyumbani, na aghalabu yamepita katika mita. Kila tone linalopotea njiani limelipiwa na mtu. Tena hasara hiyo si ya fedha peke yake. Iko hasara nyingine iliyo kubwa zaidi, ambayo wengi hawaijui, nayo itaelezwa mbele.

Hesabu ya tone

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hesabu ya tone ni nyepesi, na kila mwenye kikombe aweza kuifanya. Kikombe cha robo lita kiwekwe chini ya koki inayodondoka, na saa itazamwe. Kikijaa kwa muda wa robo saa, koki hiyo inamwaga lita 1 kila saa, yaani lita 24 kwa siku moja. Hiyo ni zaidi ya ndoo moja ya lita 20. Kwa mwezi wa siku 30 ni lita 720, nazo ni ndoo 36. Mama ambaye amewahi kuchota maji kwenye kioski au kwenye kisima cha pampu ajua vema uzito wa ndoo 36 kichwani. Mwenye bomba uani huzimwaga zote bila kuinua hata moja, kisha huletewa hati ya kuzilipia.

Hesabu hiyo huuma zaidi katika miezi ya Desemba, Januari na Februari. Katika miezi hiyo uvuvi hupigwa marufuku kila mwaka upande wa Zambia ili samaki wapate kuzaana, na nyumba nyingi za kando ya ziwa hubaki na mapato haba. Kulipia maji yaliyonyweshwa mchanga wakati fedha ya unga inatafutwa ni jambo la kusikitisha, hasa ikiwa dawa yake ni kipande cha mpira kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti.

Yafaa basi sababu za kuvuja zitazamwe moja baada ya nyingine, kuanzia ndani ya nyumba hadi nje penye mita.

Koki iliyokazwa kupita kiasi

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni koki yenyewe. Koki za kawaida huzuia maji kwa kipande cha mpira cha duara kilichokaa ndani, chini ya mhimili unaozungushwa kwa mkono. Mpira huo hukandamizwa kila koki inapofungwa, na baada ya muda huwa mgumu, hupasuka au hulika upande mmoja. Chembe za mchanga zinazokuja na maji baada ya bomba kukatika na kuungwa tena huharakisha kazi hiyo, maana husaga mpira kama jiwe la kusagia.

Koki inapoanza kudondoka, wengi huikaza kwa nguvu zaidi. Siku ya kwanza hunyamaza. Siku ya pili hudondoka tena, ikakazwa tena, hata siku moja mhimili wake ukavunjika na maji yakaruka hadi dari. Fundi aliye mwangalifu humwambia mwenye nyumba, "Mama, usiikaze zaidi, koki ikiomba nguvu, inaomba mpira mpya." Neno hilo ni kweli. Mpira mpya ni wa bei ndogo, na kuubadilisha ni kazi ya muda mfupi kwa mtu mwenye spana: maji hufungwa kwanza kwenye koki kuu, koki mbovu hufunguliwa, mpira wa zamani hutolewa, mpya wa kipimo kile kile hutiwa, kisha koki hufungwa tena. Ikiwa koki inavuja shingoni, penye mhimili, na si mdomoni, kasoro iko katika kizibo cha shingo, nacho pia hubadilishwa.

Choo kinachonong'ona

Katika nyumba zenye choo cha kuvuta, kuvuja kuliko kubaya zaidi ni kule kusikoonekana. Kisanduku cha maji nyuma ya choo kina mpira unaoziba tundu la chini. Mpira huo ukilegea au ukishika ukoko, maji hupita polepole usiku na mchana, yakaingia shimoni bila kulowesha sakafu. Mara nyingine husikika mnong'ono hafifu tu wakati wa usiku.

Jaribio lake ni rahisi. Bluu ya kufulia nguo itiwe kidogo ndani ya kisanduku jioni, na choo kisitumiwe kwa muda wa nusu saa. Ikiwa rangi imeonekana katika bakuli la choo, mpira wa kisanduku hauzibi na yapasa ubadilishwe.

Tangi na boya lake

Kwa kuwa maji ya bomba hayaji saa zote, na kwa kuwa pampu husimama umeme unapokatika, watu wengi wameweka matangi ya plastiki juu ya minara ya matofali au mbao. Ndani ya tangi kuna boya ambalo hupanda pamoja na maji na kufunga njia tangi linapojaa. Boya likitoboka huingiwa na maji likazama. Mkono wake ukipinda haufungi sawasawa. Na mpira wake ukilika, matokeo ni yale yale ya koki. Maji hufurika usiku, watu wakiwa wamelala, na alfajiri hukutwa kidimbwi chini ya mnara. Hapo hasara ni mbili, kwa sababu udongo wa kichanga uliolowa kila siku hudidimia, na mnara uliosimama wima mwaka jana huanza kuinama.

Iko pia kasoro isiyo ya chombo bali ya mazoea. Maji yakikatika mchana, mtu hufungua koki, huona hakuna kitu, huondoka akaiacha wazi. Maji yakirudi usiku wa manane, koki hiyo humwaga hadi asubuhi. Yapasa watoto na wakubwa wa nyumba wazoezwe jambo moja: koki isiyotoa maji hufungwa kama ile inayotoa.

Maungio mabaya

Bomba lenyewe halivuji mara nyingi kama yanavyovuja maungio yake. Bomba la chuma huungwa kwa hesi, na hesi hizo huhitaji kuzungushiwa utepe mweupe wa mafundi, au katani iliyopakwa rangi kama walivyofanya mafundi wa zamani, ili maji yasipate upenyo. Utepe ukizungushwa kinyume na mwelekeo wa kukaza, hujikunja na kutoka. Bomba la plastiki ngumu huungwa kwa gundi, nayo hutaka ncha zisafishwe, zikauke, kisha ziachwe zishikane kabla maji hayajafunguliwa. Fundi mwenye haraka huunga ncha zenye mchanga na tope, hufungua maji papo hapo, hupokea ujira wake, akaenda. Baada ya majuma machache mwenye nyumba huanza kuona unyevu ukutani.

Maungio huumia pia kutokana na maji yenyewe. Maji yanaporudi baada ya kukatika, husukuma mbele yake hewa iliyojaa mabombani, na koki inapofungwa ghafula, maji yaliyokuwa yakienda kasi hugonga kama nyundo. Kishindo hicho husikika ukutani, na kila pigo hulegeza maungio. Ndiyo sababu hushauriwa kwamba maji yanaporudi koki ifunguliwe kidogo kidogo mpaka hewa iishe, na daima ifungwe polepole.

Bomba lililo chini ya ardhi

Nje ya nyumba adui ni wengi. Wa kwanza ni kina kifupi. Bomba lililofukiwa kwa kina cha kiganja tu hukutana na jembe la mwenye shamba la mihogo, na gurudumu la baiskeli iliyobeba magunia. Sehemu za kaskazini mwa Zambia, Luapula ikiwamo, hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, karibu yote ikinyesha kati ya Novemba na Aprili. Mvua hiyo hukomba mchanga wa vichochoroni, na bomba lililokuwa limefichwa hubaki wazi. Plastiki iliyoachwa juani hukauka ikawa nyepesi kuvunjika, na miguu ya wapita njia humalizia kazi.

Adui wa pili ni kutu. Mvua nyingi ya miaka mingi imeosha rutuba na chokaa katika udongo wa nchi hizo ikauacha na asidi, na udongo wa namna hiyo hula chuma haraka, hata kile kilichopakwa zinki. Bomba la chuma lililofukiwa hapo huanza kulika kwa nje bila kuonekana. Visima vya pampu za mkono navyo vimo katika hatari hiyo: bomba la chuma lililoteremshwa kisimani likitoboka, au mipira ya ndani ya pampu ikichakaa, maji hurudi chini, na mtu hulazimika kupampu mara nyingi kabla hajaona tone. Pampu inayotaka kupigwa mara kumi na tano ambapo zamani ilitaka mara tatu inavuja ndani kwa ndani, na kamati ya kisima haina budi kumwita fundi kabla haijanyamaza kabisa.

Tundu lenye milango miwili

Sasa yafaa kuelezwa ile hasara iliyotajwa mwanzo. Watu hudhani kwamba tundu la bomba hutoa maji tu. Hivyo ndivyo ilivyo maadamu maji yamo na yana msukumo. Lakini maji yakikatwa, au pampu ikisimama, msukumo huisha. Maji yaliyobaki mabombani huteremkia sehemu za chini, na nyuma yake hubaki nafasi tupu inayovuta kama mtu anyonyaye mrija. Wakati huo tundu lililokuwa likitoa maji hugeuka likaanza kuingiza. Na kinachoingia ni kile kilicholizunguka: tope, maji ya kidimbwi, na pengine majimaji ya choo cha shimo kilichochimbwa hatua chache kutoka hapo. Kando ya ziwa, ambako udongo ni kichanga na maji ya ardhini yako karibu, uchafu wa shimo hausafiri kwa shida. Maji yakirudi, kilichoingia husukumwa hadi kwenye kikombe.

Mpira wa kumwagilia uliochovywa ndani ya ndoo chafu, ukiwa bado umeshikizwa kwenye koki iliyo wazi, huweza kufanya hivyo hivyo.

Si hadithi ya kutisha watoto. Mwaka 1854 mjini London, kipindupindu kiliua watu zaidi ya 500 katika mitaa iliyozunguka pampu moja ya Broad Street. Daktari John Snow alionyesha kwamba wagonjwa walikuwa wamekunywa maji ya pampu hiyo. Kulipochimbwa baadaye, ilionekana kwamba shimo la uchafu la nyumba ya jirani lilikuwa na matofali yaliyooza, na lilikuwa likivuja kuelekea kisimani, ambacho hakikuwa mbali nalo hata mita moja. Ufa katika matofali ndio uliopitisha ugonjwa.

Zambia nayo haihitaji kuhadithiwa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Oktoba 2023 na kuendelea hadi mwaka 2024 uliwapata watu zaidi ya 23,000 na kuua zaidi ya 700, na Lusaka ndiyo iliyoumia zaidi. Vijiji na kambi za wavuvi za Ziwa Mweru, katika wilaya za Nchelenge na Chiengi, zimewahi kupigwa na ugonjwa huo kwa nyakati mbalimbali. Sababu zake ni nyingi, na bomba linalovuja ni moja tu kati ya hizo; lakini ni moja ambayo mwenye nyumba aweza kuiondoa kwa mkono wake.

Tena kuna mbu. Nchelenge imejulikana kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi nchini Zambia. Ziwa na mabwawa yake hayawezi kukaushwa na mtu. Hata hivyo, aina mojawapo ya mbu waenezao malaria hupenda kutaga katika vidimbwi vidogo vilivyo juani, na yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa juma moja hadi mawili. Kidimbwi cha chini ya koki kilichoachwa kwa mwezi mzima huwatosha kuzaana zaidi ya mara moja, hatua tano kutoka mlango wa chumba cha watoto.

Namna ya kugundua na kutengeneza

Mwenye mita ana shahidi asiyesema uongo. Usiku, kabla ya kulala, koki zote zifungwe, pamoja na ile ya kulijaza tangi, na tarakimu za mita ziandikwe. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajachota, zisomwe tena. Ikiwa zimeongezeka, maji yamepita bila mtumiaji. Jaribio hilo lifanywe usiku ambao maji yapo. Usiku wa ukame halimwambii mtu lolote. Kisha koki kuu ya kuingilia nyumbani ifungwe na mita itazamwe tena. Ikisimama, kasoro iko ndani ya nyumba. Ikiendelea kuzunguka, iko kati ya mita na nyumba. Huko nje dalili zake ni sehemu ya mchanga isiyokauka, majani mabichi wakati wa kiangazi, au wadudu na kuku wanaopenda kukusanyika mahali pamoja.

Kwa desturi, kilicho kati ya mita na nyumba ni juu ya mwenye nyumba, na kilicho upande wa barabarani ni juu ya wenye kugawa maji. Jambo hili si dogo, maana ripoti za NWASCO, chombo cha taifa kinachosimamia huduma ya maji Zambia chini ya sheria ya mwaka 1997, zimeonyesha mara kwa mara kwamba karibu nusu ya maji yanayotolewa mijini hayalipiwi na mtu, na sehemu kubwa ya hayo huvuja. Anayeona bomba la barabarani linamwaga asipite akidhani kwamba mwingine amekwisha toa habari. Aitoe yeye.

Wengi hufunga bomba lililotoboka kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Ukanda huo wafaa kwa usiku mmoja, mpaka fundi apatikane. Haufai kuachwa hata mwaka, kwa sababu hupunguza maji yatokayo lakini hauzuii uchafu kuingia maji yanapokatika. Sehemu mbovu yapasa ikatwe, iungwe upya kwa kiungo kipya, na bomba lifukiwe kwa kina cha kutosha, mbali na choo cha shimo. Maji ya kwanza yanaporudi baada ya kukatika yakingwe katika ndoo ya kudekia au kumwagilia, na ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa chupani.

Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza na kabla marufuku ya uvuvi haijafunga mifuko, ndio wakati mwema wa kukagua. Asubuhi moja yatosha: kikombe chini ya kila koki, bluu chooni, jicho juu ya boya la tangi, mita usiku na alfajiri, na matembezi mafupi juu ya mstari wa bomba uani. Kazi hiyo haimhitaji mhandisi. Yamhitaji mtu anayejua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba katika bomba la maji, ufa huo hauishii kubomoa ukuta tu, bali huingia hadi katika mtungi wa kunywa.